Chini ya Mzabibu wa Timazi

Mtaa mzima ulimwita Timazi, kama ile kamba ya waashi ya kupimia wima wa ukuta, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa mwashi wa kusimama mbele ya nyumba ya mtu asiyemjua, akafumba jicho moja na kusema, "Ukuta huu umelala vidole viwili. Mlevi gani aliujenga?" Kazi za wenzake aliziponda bila haya. Ya kwake haikupondwa na mtu kwa miaka arobaini.

Kisha asubuhi moja, akiwa amevaa kiatu kimoja, kiharusi kikampiga. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Akili kilimwachia nzima, na hapo ndipo mateso yalipoanzia. Tangu siku hiyo alikaa kitini kibarazani, mkongojo katika mkono wa kushoto, akiutazama mzabibu wa uani.

Chini ya mzabibu ule kulikuwa na shimo la choo cha zamani, refu la kutisha. Miaka thelathini nyuma, alipojenga choo cha ndani, Timazi alilifunika kwa milango miwili ya mbao iliyobaki kazini, akatandaza udongo juu. Kifusi kilikuwa hakijaletwa, mkewe alikuwa katika siku zake za kujifungua, naye akajiambia atalijaza wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika. Akapanda mzabibu pembeni mwa zile mbao, akautengenezea kichanja cha kutambaa juu yake, akamwambia mkewe, "Hapa chini pasikanyagwe. Mizizi yake haitaki." Ukweli angeusemaje? Mtu aliyewacheka wenzake kwa vidole viwili, yeye anaziba shimo kwa milango! Aibu ilimfunga mdomo kabla kiharusi hakijamfunga.

Mkewe alitii miaka yote hiyo. Lakini mume alipougua, muuza miche alimwambia kwamba mzabibu haudhuriwi na benchi. Mama wa watu akaliburuta benchi hadi kivulini, akaliweka likimwelekea mumewe, ili achambue mboga huku akimpigia soga.

"Upweke ni ugonjwa wa pili, mzee wangu," alimwambia. "Huo mmoja unatosha."

Maji ya kufulia aliyamwaga palepale, ndoo baada ya ndoo, na hayakutuama hata kidogo. "Mti una kiu huu!" alisema. Timazi alizihesabu ndoo zote.

Likizo ikamleta mjukuu wao wa kike wa miaka saba, na kamba yake ya kuruka. Aliruka chini ya kichanja, miguu yote miwili, na Timazi akausikia mlio. Masikio yake yalikuwa ya mwashi bado. Ulikuwa mlio wa ubao, na chini ya ubao hakuna kitu. Akagonga sakafu kwa mkongojo, akakoroma mpaka mate yakamtoka.

"Bibi, babu anataka nini?"

"Uchoyo tu. Anaogopa tutammalizia zabibu zake."

Wakacheka, na mtoto akaendelea kuruka.

Timazi hakujua kuandika. Elimu yake ilikuwa kamba na pimamaji. Akaokota kipande cha mkaa, akachora duara sakafuni kwa mkono wa kushoto, akalipaka jeusi lote. Mkewe akainama, akalitazama, uso ukamkunjuka. "Kumbe una hamu ya zabibu!" Akaenda kuchuma kishada, akamlisha punje moja moja. Zilikuwa tamu sana, na Timazi alijua utamu ule ulitoka wapi. Alizila huku machozi yakimtiririka.

Wiki iliyofuata mguu mmoja wa benchi ulizama. Mkewe aliuwekea kipande cha tofali. Timazi akafumba jicho moja: vidole viwili. Keshoye vilikuwa vitatu.

Siku bibi alipomrudisha mjukuu kwao, Timazi alijiangusha taratibu kutoka kitini, akajikokota kwa tumbo hadi uani na msumeno wake mdogo. Akalala pembeni, pale alipokumbuka kuwa mbao zinaishia, akakata shina kwa mkono usioujua msumeno. Kazi ilimla saa mbili. Mkewe aliporudi alimkuta amelala kando ya shina lililokatwa, majani yameanza kulegea.

"Nimekukosea nini?" alilia. "Kitu kimoja tu kilichokuwa kinanifurahisha katika nyumba hii!"

Akalirudisha benchi ndani, maana kivuli hakikuwapo tena. Siku tatu alimlisha bila neno. Timazi, kwa mara ya kwanza tangu augue, alilala usingizi wa kweli.

Siku ya nne mkewe alitoka na jembe na mche mchanga.

"Nimekusamehe," alisema. "Si wewe, ni ugonjwa. Nang'oa hiki kisiki, napanda mwingine palepale. Utauona ukizaa, Mungu akipenda."

Jembe la kwanza, udongo. La pili, udongo. La tatu likalia ubao.

"Mzizi huo," alisema mkewe, akaliinua juu zaidi.

Timazi alijitupa kutoka kitini, uso mbele. Paji la uso likapasuka kwenye saruji. Mkewe akaliachia jembe, akaja mbio, akamwinua kichwa. "Mungu wangu! Tulia, nikalete maji." Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umekamata upindo wa gauni lake, na hauachii.

Nyuma yao kitu kikavunjika. Udongo ukamiminika, ukakawia kufika chini. Mkewe alipogeuka, jembe halikuwapo. Mche haukuwapo. Pale alipokuwa akilima palikuwa na shimo jeusi, na ukingoni pamechomoza ubao wenye bawaba za mlango.

Aliziangalia zile bawaba. Hakuishi na mwashi miaka yote ile bure.

"Ulijua," alisema.

Kutikisa kichwa Timazi aliweza. Akakitikisa kukubali.

"Mtoto aliruka kamba pale. Na ulikuwa na mdomo miaka thelathini."

Akakitikisa tena. Mkewe akaushika ule upindo wa gauni, akaanza kumbandua vidole, kimoja baada ya kingine.