Taulo la Bwana Nakupigia

Dada yangu alipotangaza kwamba anaacha kuosha nywele za watu saluni ili awe mtaalamu wa kuprogramu kompyuta, familia nzima ilimuunga mkono, kila mtu kwa namna yake. Mama alimuuliza kama ana homa. Mjomba alimletea redio iliyokufa, akaiweka mezani kwa heshima zote, akasema hana haraka. Mimi, mdogo wake mwenye upendo, nilibadilisha jina lake kwenye simu yangu nikaandika "Injinia", na kufikia chakula cha jioni nyumba nzima ilikuwa inamwita hivyo, baba naye yumo.

Uzoefu Injinia hakuwa nao hata wa dawa. Laptopu yake aliinunua kwa mtu aliyeapa kwamba ni kama mpya, na kweli ilikuwa kama mpya, ukiacha betri, kioo, na herufi A ambayo ilibidi aigonge kama anaua mende. Masomo alikuwa anayapata kwenye video za bure za kijana mmoja anayeanza kila somo kwa kusema "hili ni rahisi sana", halafu anafanya mambo ambayo wewe na ukoo wako hamjawahi kuyaona. Injinia anasimamisha video, anaangalia dari, anarudisha nyuma. Kuna siku alilia kwa sababu alisahau kufunga mabano. Nilimpa pole. Nikampiga na picha.

Akaanza kuomba kazi, na hapo ndipo utamu ulipo. Tangazo linasema "nafasi kwa wanaoanza", na chini yake, bila haya, "uzoefu usiopungua miaka mitatu". Yaani wanatafuta mtoto mchanga mwenye ndevu. Wachache waliojibu walisema watampigia. Maneno hayo alishayazoea, maana aliyekuwa mpenzi wake naye alikuwa na wimbo huohuo: nakupigia baadaye, nakupigia kesho. Mpaka leo tunasubiri simu iite. Mimi na dada, tukiwa wawili tu, tunamwita Bwana Nakupigia. Mshike huyo kichwani, ana kazi mbele ya safari.

Muda wote huo aproni ya Injinia ilikuwa inaning'inia msumarini kwenye saluni ya Shangazi, kando ya sinki. Shangazi hakumpa mtu mwingine. Injinia akipita pale, Shangazi anaitazama aproni, anamtazama yeye, halafu anasema kwa upole wa kutisha kwamba sinki halijawahi kumuuliza mtu uzoefu. Makubaliano yao yalikuwa wazi: mwezi ukiisha hana kazi, anarudi kwenye povu, na laptopu inatafutiwa mnunuzi wa kumwambia ni kama mpya.

Mwezi ukiwa ukingoni, ofisi moja ndogo juu ya duka la rangi ikampigia kweli. Bosi wa pale akamwambia vyeti hataki kuviona. Anataka aje Jumamosi na kitu alichokitengeneza mwenyewe, kitu ambacho watu wanakitumia. Injinia alikuwa na kitu kimoja tu, kikokotoo. Kizuri sana, kina rangi ya zambarau, na kinafanya kila kitu ambacho simu ya kila binadamu inafanya tayari.

Ndipo akakumbuka saluni. Shangazi miadi yote anaiweka kichwani, na ana sheria moja ambayo hata baba haivunji: mteja akishaahidi kuja, kiti chake kinatandikwa taulo, na kiti chenye taulo hakikaliwi na mtu mwingine hata mvua inyeshe ndani. Kwa hiyo Injinia akatengeneza mfumo. Mteja anachagua saa kwenye simu yake, Shangazi anaona orodha kwenye simu yake, anatandika taulo. Ili kujaribu kama unafanya kazi, akautilia wateja wa kubuni. Alichagua watu wanaomkera, maana alisema wanampa nguvu. Mwenye Nyumba akapewa dawa ya nywele. Jirani Spika, yule wa muziki ukutani, akapewa kubandika kope. Kiti cha dirishani akapewa Mama Nilikwambia, ambaye ni mama, na ambaye hajui. Bwana Nakupigia akapewa kusukwa, asubuhi mpaka jioni, kila Jumamosi.

Mfumo ulifanya kazi vizuri mno. Ijumaa jioni akaufungulia wateja wa kweli, akapiga pasi blauzi, akalala akiwa mtaalamu.

Jumamosi asubuhi nilitumwa saluni nimsaidie Shangazi na hiyo simu. Nikakuta viti vinne, taulo nne safi, na hakuna mtu aliyekaa. Wateja wenye nywele walikuwa wamebanana kwenye benchi la mlangoni, na katikati yao bibi harusi wa siku hiyohiyo, na mama yake aliyekuwa anapumua kwa tundu moja la pua kwa hasira. Nikasoma orodha. Nikacheka mpaka nikashika sinki.

Nilimwambia Shangazi taratibu kwamba mwenye nyumba wetu ana kipara.

"Si ndiyo maana anakuja kutafuta dawa," akasema, na kulinyoosha taulo.

Nikampigia Injinia. Huko nako, kama alivyonihadithia baadaye, mambo yalikuwa matamu. Bosi alikuwa ameutupia mfumo kwenye skrini kubwa ya ukutani na kusifu kwamba Jumamosi imejaa pomoni. Halafu akasogea karibu, akarekebisha miwani, akauliza huyu Bwana Nakupigia ana nywele ngapi, maana anasukwa kila wiki mpaka mwakani. Hapo ndipo simu yangu ikaingia. Bosi akamwambia apokee, na aweke sauti kubwa.

Sikupata nafasi ya kusema neno. Shangazi aliivuta simu mkononi mwangu, nayo ilikuwa kwenye sauti kubwa.

"Mwanangu, hawa wageni wako wanakuja au hawaji? Nina bibi harusi amesimama hapa kama mwavuli."

Injinia akasogea karibu na simu.

"Shangazi, hao watu hawapo."

"Hawapo wapi?"

"Hawapo popote. Niliwatunga mimi."

Benchi zima likageukia simu. Hata mama wa bibi harusi alipumua kwa matundu yote mawili.

Kidole cha Injinia, anasema, kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta wote. Angebonyeza, aibu ingeondoka palepale, pamoja na bibi harusi na kila aliyejiandikisha tangu jana, maana walikuwa wamechanganyika na wa kutunga. Akautoa mkono. Akamwomba Shangazi amsomee nani yuko kwenye benchi, mmoja mmoja. Shangazi akaita kama mwalimu wa zamu, na waliotajwa wakaitika kwa hasira. Kisha Injinia akaanza kuwatoa wa uongo, akiandika jina la kila mmoja mbele ya bosi kwa laptopu ileile yenye herufi A ya kupigwa ngumi. Bwana Nakupigia ana A nne. Hata kumfuta mwanaume yule ni kazi ya mikono.

Shangazi akang'oa taulo, bibi harusi akaketi.

Sisi huku tukamsikia bosi anakohoa. "Wenzako wote wameniletea mifumo mizuri kuliko huu," akasema. "Ila hakuna hata mmoja ambaye mfumo wake umewahi kumkasirisha mtu, kwa sababu hakuna anayeutumia. Jumatatu njoo, tuanze na miezi ya majaribio."

Aliyewahi kujibu ni Shangazi, ambaye kukata simu hajui.

"Bosi, kabla hamjaendelea. Yule Bwana Nakupigia nirudishieni. Nina mteja mmoja anakuja nikishafagia, ananuna, halafu anataka kuanza upya. Huyo nataka nimwambie kiti kina mtu."

Bosi alicheka mpaka miwani ikateleza, halafu akamwambia Injinia hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza.

Basi sasa Injinia ana meza juu ya duka la rangi na laptopu ya ofisi yenye herufi zote. Mjomba bado anaulizia redio. Bwana Nakupigia anatandikiwa taulo kila Jumamosi jioni, na kwa mara ya kwanza maishani kuna mtu ananufaika kwa yeye kutotokea. Aproni nayo imetoka msumarini. Shangazi alisema mtu mwenye muda wa kucheka vile ana muda wa kuosha nywele. Inanibana kwapani.