Mlango wa Bi Jawahir Baada ya Alasiri

Kibokoni, mlango ukifungwa baada ya alasiri watu huuliza kama kuna maiti au kuna ugomvi. Kwa Bi Jawahir hakukuwa na maiti wala ugomvi. Kulikuwa na mwanamke aliyelala.

Mumewe, Abdulkadir, ana ugonjwa wa kutetemeka, ule madaktari wanaouita Parkinson. Mchana hawezi kufunga kifungo cha kanzu, na sauti yake ni ya mtu anayesema siri. Usiku, akiota, hurudishiwa nguvu zake zote kwa mkupuo: hupiga mateke, hutukana, hupigana na wezi ambao mtaa haujawahi kuwaona. Akitulia, hawezi kujigeuza, lazima ageuzwe. Halafu choo. Halafu ageuzwe tena. Mkewe amebakiwa na usingizi wa alasiri tu, pale mgonjwa naye anaposinzia.

Kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo saa ya kumzuru mgonjwa. Wageni huja kutafuta thawabu, na thawabu, kama ijulikanavyo, haishuki bila kahawa na halua. Humwambia, "Pole, bibi, mbona umekonda?" kisha huomba kikombe cha pili.

Siku aliyosinzia jikoni hadi birika likaungua, Bi Jawahir alitia komeo.

Haukupita muda, shemeji yake Aidarus akaja asubuhi kutoka Mbaraki na ujumbe wa ukoo.

"Shemeji, watu warudishwa mlangoni kama wadai. Aibu hii! Kama umechoka na kaka, tutamhamishia kwangu."

"Nimechoka na wageni. Na mume wangu sijachoka."

"Basi fungua mlango."

"Sifungui. Na kama wataka kumhamisha, lala naye usiku mmoja kwanza. Mto ule pale."

"Mimi?"

"Wewe. Au thawabu za usiku huzitaki?"

Aidarus, mtu ambaye hulala hata harusini, mbele ya sahani ya pilau, hakuona pa kutokea. Akalala.

Asubuhi alitoka chumbani mdomo umevimba, kofia imegeuka nyuma mbele. Abdulkadir alimtazama kwa huruma.

"Nani amekupiga?" akanong'ona.

"Wewe, kaka."

"Nilishinda?"

Bi Jawahir alicheka hadi chai ikamwagika. Habari ya kuhama haikutajwa tena.

Alasiri ile binamu wawili walimkuta Aidarus barazani, ameegemea ukuta.

"Hodi!"

"Kumelalwa."

"Nani alala saa hizi?"

"Mwenye nyumba. Mwataka kumzuru mgonjwa, njooni baada ya isha. Na mito yenu."

Walicheka, wakidhani mzaha, wakaenda zao. Aidarus, koo limemkauka, akageuka kugonga aombe maji.

Hakufunguliwa.