Toa Sumu Kwanza

Klara aliposhuka mnadani Buseresere, watu walimpisha kama wanavyowapisha waliobeba jeneza. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu lililonyeshewa, lenye ubuluu kwa mbali, na rangi ile ilikolea pale jua linapofika: paji la uso, pua, mikono. Chini ya shingo, kanga ilipoanzia, alikuwa bado mwanamke wa Kisukuma mweusi tii. Ila huko hakuna aliyemwona.

Alikuwa amekuja kumtafuta mtu aliyempaka rangi hiyo.

Kwa miaka kumi na minne Klara alichenjua dhahabu upande wa Ushirombo. Mawe yakishasagwa na mashine ya karasha na kuoshwa, ule unga mzito unaobaki aliutia kwenye karai, akaumwagia zebaki, akausugua kwa mikono mitupu mpaka zebaki iokote kila punje ya dhahabu. Kisha bonge lile alilichoma motoni. Zebaki ikapaa na moshi, dhahabu ikabaki, na moshi mwingine ukaishia kifuani mwake. Mwishowe mikono ikaanza kumtetemeka. Akawa anamwaga chai. Uzi ukamshinda kuutia kwenye sindano.

Ndipo akatokea Donatus, mwanamume mtanashati mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, na sanduku la chupa ndogo zenye maji ya unjano hafifu.

"Haya ni maji ya fedha," aliwaambia wachenjuaji. "Fedha safi, imefanywa chembe ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Sasa niambieni nyinyi wenye kazi yenu: zebaki inashika nini?"

"Dhahabu," wakajibu.

"Na nini tena?"

"Na fedha."

"Mmejijibu wenyewe. Ukinywa fedha, zebaki iliyomo kwenye damu itaishika, vitafuatana, utaviacha chooni."

Mkulima wa pamba angemcheka. Lakini wachenjuaji walikuwa wameiona zebaki ikikumbatia madini kila siku ya maisha yao, na hesabu ile iliwakaa vizuri. Tena Donatus alifuata desturi. Huku Usukumani anayekupa pombe au dawa hunywa funda la kwanza mbele yako. Huko ndiko kutoa sumu. Donatus alikunywa bila kukunja uso, kutoka kwenye chupa yake ya kizibo chekundu. Za wateja zilikuwa na vizibo vya buluu. Klara aliliona hilo na hakulijali.

Alikunywa kijiko asubuhi na kijiko jioni, miaka miwili.

"Mama, zebaki yako iko palepale," daktari alimwambia baadaye. "Umeongeza fedha juu yake. Chembe hizo ni ndogo mno. Zinapita kwenye utumbo, zinakaa kwenye ini, kwenye figo, kwenye ngozi. Jua likizipiga, zinageuka rangi."

"Itatoka lini?"

Daktari alipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. "Haitoki."

Vumilia, binti yake wa pekee, alipoolewa, picha kubwa iliyotundikwa sebuleni haikuwa na mama. Ilikuwa imekatwa upande. Vumilia alisema mwanga ulikuwa mbaya. Klara hakumlaumu mtoto. Lawama aliitunza yote, asipunguze hata tone, kwa ajili ya Donatus mwenyewe.

Nusu chupa ilikuwa imebaki nyumbani. Aliteka viluwiluwi kwenye kidimbwi, akawaweka kwenye beseni, akaimimina. Siku ya tatu walikuwa wakielea, matumbo juu, mikia imepinda kama misumari iliyong'olewa. Klara aliwamwaga, akafunga nyumba, akaenda kusaka minada.

Buseresere alimkuta Donatus akihutubia kundi la watu. Klara aliweka kigoda chake mbele kabisa.

"Shikamoo, mama," alisema Donatus kwa mazoea, kisha akamtambua.

"Marahaba. Endelea, mwanangu. Sikuja kukuharibia kazi."

Na kweli hakuja kumharibia. Angesema neno moja tu, biashara ingekufa siku hiyo na Donatus angeondoka mzima. Klara hakutaka aondoke mzima.

Mteja wa kwanza alipochagua chupa, Donatus akainua kizibo chekundu.

"Siyo hiyo," alisema Klara. "Hiyo ni yako. Toa sumu kwenye anayoinunua."

Watu wakacheka. Ngassa, mzee wa kuuza ng'ombe aliyevaa koti la mvua kwenye jua kali, akadakia: "Mama kasema kweli. Nani anakaribisha mgeni kibuyu hiki, anaonja kile? Au maji yako yana mke mwenza?"

Donatus alimtazama Klara, akatazama watu. Akafungua kizibo cha buluu, akapiga funda.

"Na yangu," alisema mteja wa pili.

Jambo la ajabu ni kwamba siku hiyo aliuza kuliko siku zote. Muuzaji anayekunywa dawa yake, nani atamshuku? Yule mama wa jivu walidhani ana maradhi yake mengine. Ngassa mwenyewe alibeba chupa tatu za mkewe, naye mchenjuaji.

Basi ikawa hivyo, kiangazi kizima hadi mvua za kwanza. Kila mnada aliokwenda Donatus, kigoda kilikuwa kimemtangulia. Kila chupa, funda. Angeweza kuacha, lakini mafunda yale yalikuwa yanauza, na tamaa ilimnywesha kuliko Klara. Naye Klara alimtazama kama mkulima anavyotazama shamba la karanga, akijua kinachokomaa hakionekani juu.

Asubuhi moja alikiona. Kwenye mashina ya kucha za Donatus, pale palipo na mwezi mdogo mweupe, pameingia ubuluu.

Donatus naye alikuwa ameuona. Alimfuata kigodani kabla watu hawajajaa.

"Mama Vumilia, unataka nini kwangu?"

"Tugawane rangi."

"Nina watoto, mama."

"Na mimi ninaye. Amenikata kwenye picha."

"Niambie niache, niache leo."

"Nani kakushika? Meza yako, chupa zako, koo lako."

Hakuacha. Klara alikadiria miezi michache tu, na jua la minadani lingemalizia usoni.

Kisha akaja Nelly, binti mwembamba mwenye mimba ya kuonekana, mikono imebabuka kwa maji ya karai. Alimsalimia Klara kwa kupiga goti kabla ya kugeukia meza.

"Mume wangu anafanya kazi ya kuchoma," alimweleza Donatus. "Na mimi nasugua. Nataka chupa mbili. Nikinywa mimi, mtoto naye anasafishika?"

"Anasafishika humohumo," alisema Donatus, akafungua chupa kutoa sumu.

Klara alilitaka funda lile. Mdomo wake wenyewe ulifunguka kidogo, kama mtu anayelisha mtoto. Ila macho yalikuwa yameshashuka kwenye tumbo la Nelly, na alichokiona ni beseni, na mikia iliyopinda.

Alinyanyuka, akamnyang'anya Donatus chupa. Mkono ulitetemeka, maji yakamwagika kwenye meza.

"Ng'wanawane, mwanangu, nitazame." Alishusha kanga hadi begani, mbele ya mnada mzima, mstari ukaonekana: jivu juu, weusi chini. "Nilikuwa mweusi kama wewe. Maji haya ndiyo yaliyonifanya hivi. Nimewapa viluwiluwi, wamekufa wamepinda. Usimpe mwanao."

Nelly alirudi nyuma, mikono miwili tumboni. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini.

"Mayu, mama yangu, wewe unakaa hapa kila mnada. Nimekuona. Watu wananunua, umenyamaza. Ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilikuwa namsubiri yeye."

Donatus alikuwa ameanza kufunga sanduku, mkono mmoja umejificha mfukoni.

"Utoe," alisema Klara. "Waonyeshe kucha."

Aliutoa. Hakuna aliyempiga. Walisogea, wakatazama zile kucha za buluu kimya kama watu wanaoaga maiti, kisha mmojammoja wakamwekea chupa zao mezani, zikiwa wazi, mpaka akaziacha zote na kupanda bodaboda.

"Usivae kofia," Klara alimwambia. "Jua limalizie."

Hilo hajalijutia hata leo.

Alipogeuka, Nelly alikuwa ameshaondoka bila kuaga. Ngassa alibaki amesimama na koti lake, akimtazama Klara, wala si barabara aliyopita Donatus.

"Mke wangu amemaliza mbili," alisema. "Yuko kwenye ya tatu. Nikifika nyumbani nimwambie nini?"

Klara alikaa kwenye kigoda chake, akaifungua mikono yake ya jivu juu ya magoti, ikitetemeka.

"Mlete anione," alisema.