Vitambaa Alivyomfumia Mama Mkwe

Saa tatu asubuhi soko la Lubao limeshachangamka. Madalali wa ng'ombe wanapayuka, ndama wanalia, na vumbi la mifugo limeanza kupanda. Katikati ya zogo hilo, mwanamume mwenye mabega mapana ameketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, mguu wa kulia ameunyoosha mbele. Anafuma.

Uzi mweupe unapita kati ya vidole vyake vinene, sindano yenye ncha ya ndoana inaingia na kutoka, na kitambaa cha kochi chenye ua la nanasi kinazidi kutanuka mapajani.

"Mzee, umeacha ng'ombe umekuja kushonea viti nguo?" mpita njia mmoja anamtupia.

"Wewe enda ununue ng'ombe yako," anajibu bila kuinua macho. "Ikianza kukaa kwa kochi, niletee vipimo."

Huyo ndiye Barnaba Shikanga, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Utani huo wa sokoni haumkeri hata kidogo. Kwa miaka mitatu hakuthubutu kufuma mbele ya watu, kwa kuwa alikuwa na hofu moja tu duniani: mama mkwe wake ajue.

Shikanga alikuwa dereva wa trekta za kubeba miwa hadi mwaka 1992, trela lilipopinduka kwenye barabara ya murram na kumponda mguu. Akalazwa kwa miezi, mguu umening'inizwa kwa plasta. Mke wa mgonjwa wa kitanda jirani alikuwa akija kumwona mumewe na huku anafuma.

"Nilikuwa nimechoka kutazama dari," Shikanga anasimulia. "Nikamwambia yule mama, hebu nijaribu. Wadi nzima ilicheka. Mimi nami nikacheka. Lakini kufika Jumapili nilikuwa nimemaliza kitambaa cha stuli."

Trekta hakuirudia tena, mguu haukukubali. Nyumbani akajifungia chumbani akifuma, na mkewe, Gentrix Ayuma, akawa anauza sokoni. Seti moja ya makochi, pamoja na kitambaa cha meza na cha redio, ilikwenda kwa shilingi elfu moja na mia mbili. Watoto wakasoma, na obusuma, ugali wa kwao, haukukosekana mezani. Watu walimsifu Gentrix kwa mikono yake ya dhahabu, naye akawaachia waamini hivyo.

"Ningesema nini?" anauliza Gentrix. "Mama yangu alinioza kwa dereva. Mkono wa mwanamume huku kwetu unajulikana kwa jembe na panga. Niliogopa ataniambia, rudi nyumbani, sikukuoza kwa mwanamke mwenzako."

Mama huyo, Rachael Awinja, anaishi Navakholo. Ni mkulima wa miwa, mama wa kanisa, na ulimi wake, wasemavyo majirani, haujui breki. Kwa mila za kwao, yeye na mkwewe hawakai pamoja wala kushikana mikono hadi siku mama atakapoingia rasmi nyumbani kwa mkwe. Wakikutana njiani, Shikanga hujitoa pembeni na kuinamisha kichwa.

Basi mwezi wa Aprili mwaka huu wa 1996, ibada ya nyumba kwa nyumba ilipokaribia zamu yake, Mama Rachael alimwita bintiye. Viti vyake vilikuwa na mbao tupu na sponji iliyofifia. Alitaka vitambaa, seti nzima, vya nanasi.

Hapo ndipo fundi alipopata mtihani. Viti hivyo hajawahi kuvikalia, na kwenda kuvipima hawezi. Gentrix akaenda na kamba ya mkonge, akafunga fundo kila mahali penye kipimo, akaileta Lubao.

"Nilifuma kwa kamba," Shikanga anasema, kisha anacheka. "Kila fundo nililishika kwa heshima, kama ndilo mama mwenyewe."

Siku ya ibada nyumba ya Mama Rachael iling'aa. Kina mama waliingia, wakasimama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa. Gentrix alikuwa pale akimimina chai, moyo wake umetulia. Hakujua mama yake ameficha kitu kwenye kikapu.

"Baada ya maombi mama akasimama," anakumbuka. "Akasema, 'Huyu mtoto wangu Mungu amempa kipaji, na leo atatufundisha.' Akatoa uzi mpya na sindano, akaniwekea mkononi. Wee! Niliishika kama mtu anataka kupukuchua mahindi nayo. Kina mama wote macho kwangu. Uzi ukaanguka ukabingirika hadi chini ya meza."

Alijaribu kusingizia kichwa kinamuuma. Mama yake akamwambia kufuma hakufanywi kwa kichwa. Ndipo machozi yakamtoka.

"Nikasema, 'Mama, si mimi. Ni Baba Nehemiah.'"

Nehemiah ni kifungua mimba wao, kwa hiyo hakuna aliyeuliza baba huyo ni nani. Mama Rachael aliokota vikombe kimoja kimoja, akaenda jikoni. Hakutoka tena mpaka wageni wote walipoondoka. Gentrix akarudi Lubao akiamini ndoa yake imekwisha.

Hakuna ujumbe uliokuja kutoka Navakholo. Shikanga hakula vizuri. "Nilimwambia mke wangu, kama mama atakuja kukuchukua, nitakaa kando apite. Ningefanya nini? Yule ni mama."

Siku ya soko iliyofuata Gentrix alikataa kutoka nyumbani, akiona aibu. Shikanga akabeba vitambaa mwenyewe, akaketi kando ya Jelagat, mama wa Kinandi auzaye vibuyu vya maziwa. Kabla jua halijapanda, akamwona mama mkwe anakuja moja kwa moja. Nyuma ya Shikanga lori la ng'ombe, mbele yake kreti la vitambaa. Pa kujitoa hapakuwepo.

Mama Rachael alisimama, akampa mgongo mkwewe kama heshima inavyotaka, akamgeukia Jelagat.

"Mama, mwambie huyu mkwe wangu kitambaa cha kiti cha mzee ni kifupi. Mzee akiegemea, kinaanguka."

Jelagat akashangaa. "Si yuko hapa anasikia?"

"Wewe mwambie tu."

Jelagat akamwambia. Shikanga, jasho likimtiririka, akamweleza Jelagat kosa lilivyotokea: siku ya kupima, baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti hicho, na Gentrix hakuweza kumwambia baba yake ainuke. Alikikisia kwa macho.

"Huyo mtoto na aibu zake!" Mama Rachael akafoka, na mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Alipopumua tena sauti ilikuwa imelainika. "Sasa mwambie hivi. Nilisikia trekta imemvunja, nikalia, nikajua mtoto wangu atalala njaa. Kumbe ni mguu tu ulivunjika. Mikono yake nilikuwa naikalia nyumbani kwangu na sijui."

Jelagat anasema hakuhitaji kuupeleka ujumbe huo. Fundi alikuwa ameshafunika uso kwa kitambaa cha nanasi, analia mbele ya ng'ombe na wenye ng'ombe.

Tangu siku hiyo anafuma hadharani. Kina mama wanne wa ile ibada wameshaagiza seti, na cha mzee kimefumwa upya, safari hii kwa kipimo alichochukua Mama Rachael mwenyewe baada ya kumfukuza mumewe kitini.

Zaidi ya hayo, ametuma habari kwamba mwezi wa Desemba, msimu wa kuvuna miwa ukiisha na malipo yakitoka, atakuja Lubao rasmi. Ingokho, yaani kuku wa heshima, itachinjwa, na baada ya miaka kumi na minne ya ndoa, mama na mkwe watashikana mikono.

Kuna taabu moja. Makochi ya Shikanga yako uchi.

"Fundi mzima!" Gentrix anamcheka. "Kila nikitandika kitambaa, mteja anaingia, anakipenda, Baba Nehemiah anakivua hapo hapo anauza."

Safari hii Gentrix anafungia kabatini kila kitambaa kinachokamilika, na ufunguo anautembeza shingoni. Cha kiti kikubwa kimeshaisha. Hicho ndicho cha Mama Rachael.

"Siku hiyo nitakuwa nje, kama mkwe anavyotakiwa," anasema Shikanga. "Nitangoja niitwe. Lakini nitasikia akikaa, kwa sababu kile kiti kinalianga. Kikilia tu, nimepona."