Trei ya Sita

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, hakusomea mambo ya nyuki. Alikuja maabara yetu kufagia, na kazi hiyo nilimwombea mimi. Mimi huyo huyo ndiye niliyemfundisha kupima, baada ya kumkuta ameinamia hadubini yangu, ufagio kwapani.

"Wifi, kwani hawa si nyuki tu?"

"Nyuki tu! Hebu tazama." Nikamwonyesha: urefu wa mwili, upana wa kifua, upana wa tumbo. Tunao wa aina mbili, wakubwa na wadogo. Kasheshe iko kwa madume. Dume wa aina kubwa ni mwembamba. Ukimtazama juu juu utaapa ni jike wa aina ndogo. Kinachomuumbua ni kifua, ukikipima. Kwa hiyo hata ukijua, pima.

Alishika upesi, akaanza kunisaidia kupima trei za nyuki. Kila nyuki alimpima mara mbili, ulimi nje. Nikamtania, "Unataka kuwashonea nguo?" Akacheka, akapima mara ya tatu.

Mimi sasa, mtaalamu wa miaka kumi na minane, macho yalishaanza kunisaliti. Vistari vya rula ndani ya hadubini vilikuwa ukungu mtupu. Ningesemaje, jamani, mimi ninayeitwa Jicho na jengo zima? Nikawa natazama umbo, nabuni namba, naingiza kwenye kompyuta yetu sote, ambayo haiulizi jina la mpimaji. Trei ya sita, nyuki mia mbili, niliimaliza kabla ya chai. Tena nikajisifu!

Jumatatu Daktari, mkuu wetu, akaingia amefura. Trei ya sita haikuwa na dume hata mmoja wa aina kubwa, na madume hao aliwakusanya mwenyewe. "Nani kapima hii?"

Hakungoja jibu. Alimgeukia wifi, na wote wakamgeukia wifi. Nani mwingine angekosea, kama si mfagiaji?

Nikajifanya nafuta kioo cha hadubini, Mungu anisamehe.

Wifi alinitazama mara moja tu. "Nisameheni," akasema. Akaachishwa kazi siku hiyo hiyo. Jioni kaka yangu akanishukuru kwa kumvumilia mkewe muda wote huo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wiki iliyofuata nikaambiwa nirudie trei ya sita. Nikafungua droo ya wifi kutafuta pini, nikakuta daftari. Nyuki wote mia mbili amewapima, mara tatu tatu, madume thelathini na mmoja. Tarehe ni ya Ijumaa, kabla Daktari hajajua lolote. Chini ameandika: "Wifi, badilisha kimya kimya kabla hawajaona. Macho yakikusumbua, niite nikusomee." Bila shaka alitaka kunipa Jumatatu, Daktari akamtangulia.

Kumbe alikuwa na ushahidi, na akanyamaza. Nililia pale pale, mtu mzima mimi, kisha nikaenda kubisha hodi kwa Daktari.

"Trei ya sita niliipima mimi," nikamwambia. "Sioni, Daktari. Mwaka wa pili huu sioni vistari."

Akalipokea daftari, akaligeuza. "Kama huoni, hili umelisomaje?"

"Tazama maandishi yalivyo makubwa," nikasema. "Aliandika ili niweze kuyasoma mimi."