Nani Kamwambia Bi Mize?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila wingu likisimama juu ya milima hii ya Ibra, huku Omani, hunirudia kama ya jana. Nilikuwa msichana mdogo, kwa bibi yangu mzaa mama, kwenye kisiwa kidogo cha wavuvi ubavuni mwa Pemba. Baba yangu alikuwa Mwarabu wa Wete, na kila chuo cha Kurani kikifungwa alinipeleka huko nikamchoshe bibi badala ya kumchosha yeye. Kisiwa chenyewe ukisimama katikati unaiona bahari pande zote. Hakuna pa kukimbilia ila kwa jirani aliye juu kidogo kuliko wewe.

Nyumba ya bibi ndiyo iliyokuwa juu, kwenye jiwe. Asubuhi ile upepo ulibadilika, bahari ikapanda mpaka nyuma ya vyoo. Watu wakaanza kuja kwetu na watoto wao, na kuku, na mikeka kichwani. Bibi akasimama mlangoni, akaniuliza, "Tumetimia?"

Nikaangaza. Mama mdogo yupo, binamu zangu wapo, hata mbuzi yupo. "Tumetimia, bibi."

"Na Bi Mize?"

Bi Mize alikuwa kizee kiziwi, hana mume wala mtoto, anakaa peke yake chini karibu na maji. Hakuwa jamaa yetu. Nikajibu kwa ule ujuvi wangu kwamba upepo kila mtu kauona, angetaka angekuja.

"Kauona wapi? Yumo ndani, na masikio hana. Nani kamwambia?"

Alinishika mkono bila ya kunibembeleza. Tukashuka, maji yananifika magotini. Bi Mize tulimkuta kakaa kitako anasuka ukili, kaupa mlango mgongo, na makuti ya paa yananyanyuka juu ya kichwa chake. Bibi hakupiga kelele, zisingefaa kitu. Alimgusa bega. Yule kizee akageuka, akatutazama nyuso zetu, akaelewa yote. Akakunja ukili wake, tukampandisha. Alasiri nyumba ile haikuwepo tena. Bibi hakunigombeza zaidi. Ilinitosha kumtazama Bi Mize kakaa pembeni kwetu, anaendelea kusuka.

Nimezeekea mbali na kisiwa kile, mwanangu. Mume wangu keshatangulia mbele ya haki, watoto wangu wako Maskati na kazi zao, na wajukuu Kiswahili chao ni shikamoo na chai, basi. Nyumba ni kubwa. Kuna siku sauti yangu ya kwanza huitoa alasiri, tena kumfukuza paka. Sisemi haya ili unionee huruma. Nasema kwa sababu upweke unamfunza mtu kutazama nje ya dirisha, na bila ya kutazama nje nisingekuwa na hadithi hii.

Mtaa wetu uko ukingoni mwa wadi. Wadi ni mto usio na maji, mchanga na mawe tu, na watu huukatiza kwa miguu takriban mwaka mzima. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji hushuka ghafla, na hapa kwetu pengine jua linawaka. Sisi wa visiwani tumezoea balaa la maji kuja na kelele za upepo. Hapa huweza kuja na mbingu safi.

Siku moja majirani zangu walikuwa harusini Maskati. Nyumbani wamemwacha Mwanaidi, msichana wao wa kazi kutoka Pangani, aliyekuwa hajamaliza hata msimu mmoja hapa. Simu yangu ikaanza kulia kwa ujumbe wa tahadhari. Halafu akapiga mwanangu Salim.

"Mama, tanbih ya mvua milimani imetoka, wadi yaweza kuja. Funga mlango, usitoke, tafadhali."

"Haya, baba."

Kwenye grupu la ukoo wakaanza kuandika mmoja mmoja: niko salama, alhamdulillahi, na sisi pia. Majina yote yakapita. Nami nikataka kuandika kwamba tumetimia, kidole kikasita. Bibi yangu kafa zamani, lakini wakati ule nilimsikia vizuri kuliko nilivyomsikia Salim.

Nikachukua fimbo yangu, nikatoka. Geti la majirani lilikuwa wazi. Mwanaidi yuko chini, katikati ya wadi, anawaswaga mbuzi wa tajiri wake.

"Mwanaidi! Panda juu!"

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, panda juu! Maji yanakuja!"

"Maji gani, bibi? Mbona jua kali?"

"Ya mlimani! Yalla, mwanangu!"

"Na mbuzi je? Mama mwenye nyumba atanigombeza!"

"Hebu watazame hao mbuzi!"

Walikwishaanza kupanda ukingo wenyewe, mmoja nyuma ya mwenziwe. Wao wamezaliwa hapa. Nadhani hao ndio waliomshawishi, si mimi. Akapanda mbio, nikampa mkono, nusura tuanguke sote wawili. Hatujafika getini tukasikia mngurumo, na maji mazito ya rangi ya udongo yakapita pale alipokuwa amesimama, yamebeba magogo na mtungi wa gesi. Mwanaidi akakaa chini akalia.

Nilimpeleka kwangu, nikampa kahawa na tende. Nikamuuliza kama hakupata ujumbe.

"Nimepata, bibi. Mama alinitumia tangu asubuhi."

Akatoa simu akanisomea. Ujumbe ni wa Kiarabu, na yeye anausoma herufi kwa herufi, anavuta panapovutwa, kama alivyofundishwa chuoni kwao. Kasoma vizuri kuliko wajukuu zangu. Hakuelewa hata neno moja.

"Nilijua ni dua," akasema. "Kila Ijumaa ananitumia dua. Nikaitikia amina."

Nikacheka, kisha nikamfasiria ule ujumbe.

Jioni Salim akaandika kwenye grupu, mbona mama kimya? Nikajibu, "Tumetimia." Mjukuu mmoja akauliza kwa Kiarabu neno hilo maana yake nini.

Mwanaidi keshamaliza mkataba wake, karudi Pangani. Alikuwa akija kwangu jioni tukizungumza, na namkosa kuliko ninavyowaambia watoto wangu. Siku hizi yupo msichana mwengine, wa nchi nyengine, lugha yake siijui wala yeye haijui yangu. Wingu likisimama mlimani naenda, nagonga, namwonyesha mlima kwa fimbo, namshika mkono. Nadhani ananiona nina wazimu kidogo, lakini anakuja.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usizidharau hizo simu na tahadhari zake, zinaokoa watu. Lakini ujumbe ukikufikia wewe, kazi yako ndiyo imeanza. Jiulize nani hakuusikia, nani hakuuelewa, nani kaambiwa kwa lugha isiyo yake, halafu vaa viatu uende. Jamaa zangu wa kule kisiwani wananiambia bahari siku hizi inalifikia lile jiwe la bibi. Siku kama zile wewe utaziona nyingi kuliko mimi. Usiseme mmetimia kabla hujaitazama nyumba ya chini.

Mimi masikio yameanza kuniziba. Juzi Salim kapiga simu, nikaona taa tu inawaka. Na nikishona kofia nakaa nimeupa mlango mgongo, maana mwanga unatoka dirishani. Mungu akupe umri mrefu, akupe nyumba iliyo juu na moyo wa kuifungua, na siku yako ikifika, akuletee mtu wa kukugusa bega. Salim bado ananisihi nifunge mlango. Siku za mawingu siufungi.