Mwamba Tulioupinda kwa Kuunyoosha

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja kule kijijini Dirma ambayo mpaka leo ikinijia nashtuka upya. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, kampuni za watu binafsi zimeanza kuchimba visima, nami binti wa kijiji cha Tlawi nimetoka chuo, nafanya kazi chini ya mhandisi mmoja, Mzee Tluway. Maji ya kisima kipya yangepanda kwa bomba hadi zahanati na madukani. Wafugaji wangebaki na chemchemi yao. Ndivyo tulivyokubaliana.

Mama Gidamis, mfugaji wa pale, aliuliza swali moja tu: "Mzee, hilo lidude likinyonya, chemchemi yetu itabaki?"

"Itabaki, mama. Kompyuta imeshasema."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Maana hesabu yenyewe tuliifanya hivi: mchanga wenye maji huko chini tuliugawa miraba, kama karatasi ya hesabu. Kimo cha maji katika kila mraba ni wastani wa majirani zake wanne. Unarudia, unarudia, mpaka namba zitulie. Raha yake! Shida iko pembeni, pale mchanga unapokomea kwenye mwamba. Mwamba wa Dirma umepinda, unakata miraba vipande. Mzee, kwa kutaka kuwahi, akaunyoosha kwenye kompyuta ufuate mistari ya miraba. "Vipande hivi vitatuchelewesha bure," alisema.

Pampu ikawashwa. Wiki haijaisha, asubuhi tukaitwa. Mwanangu, sikuamini macho yangu! Chemchemi ilikuwa tope tupu, ng'ombe wanalilamba. Ndama wa Mama Gidamis walikuwa wamefia njiani, wakipelekwa kwenye maji ya mbali. Nilitarajia matusi. Yeye akatutazama, akasema taratibu, "Mzee, uliniambia itabaki."

Mzee Tluway alishika kichwa. "Zimeni pampu," akasema.

Tukaufuata ukingo wa mwamba, pale unapochomoza juu ya ardhi, kwa futi kamba, kona kwa kona. Safari hii kila mraba uliokatwa tukaupa ukubwa wake halisi, na kila jirani akahesabiwa kwa kadiri ya upenyo wa maji uliopo kati yao. Namba zilipotulia zikaonyesha: chemchemi inakauka! Kumbe hesabu ingetuambia mapema. Kompyuta haikudanganya hata mara ya kwanza. Ilijibu sawasawa kuhusu mahali ambapo hapapo duniani. Tuliponyoosha mwamba tuliongeza mchanga, na maji, ambayo Mungu hakuyaweka.

Kisima kikahamishwa, chemchemi ikarudi polepole. Ndama hawakurudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi mwanangu, ukikuta dunia imepinda, pindisha hesabu yako iifuate. Usiinyooshe dunia ili kazi yako iwe nyepesi. Kwenye vipande unavyovitupa pembeni ndiko watu wanakoishi. Na kabla hujamwahidi mtu, tembea kwanza ukingo wote.

Mungu akujalie macho ya kuziona kona na subira ya kuzipima, na asikukutanishe kamwe na mama akutazame vile tulivyotazamwa sisi.